Mjapani Katika Safu Yetu ya Ulinzi

Mwaka ule wa Kombe la Dunia la Ujerumani, timu yetu huku Marekani, pembeni ya Washington, ilianza msimu ikiwa na pengo upande wa kulia. Winga wetu, Mkenya mmoja mwenye mbio na maneno mengi, alikuwa amechukuliwa na watu wa uhamiaji wakati wa baridi, asubuhi, akielekea kazini. Tulipata habari kupitia kwa dada yake. Baadaye tukasikia amerudishwa Nairobi. Gari lake lilibaki limeegeshwa Wheaton, likafunikwa na theluji, theluji ikayeyuka, mpaka siku moja likavutwa na hatukuliona tena.

Hakuna aliyejua walimpataje. Na watu wakikosa sababu, hutafuta mtu. Wengine walisema ni mwenye nyumba wake. Wengine walimtaja mwanamke aliyeachana naye. Kulikuwa na dhana nyingine pia, kwamba aliyemchoma kwa watu wa uhamiaji yuko kati yetu, na hiyo haikusemwa kwa sauti. Ilionekana tu katika namna watu walivyoanza kuagana haraka baada ya mechi, bila kusimama kwenye maegesho kama zamani.

Tulikuwa tukicheza Jumapili mchana kwenye uwanja wa shule, karibu na barabara ya Route 50 upande wa Falls Church. Waliotoka kanisani walikuja na suruali zilizopigwa pasi, wakabadili ndani ya magari, na waliomaliza kuswali adhuhuri walikuja wakiwa tayari wamevaa njumu. Nahodha wetu alikuwa mtu wa Mombasa, dereva wa teksi ya uwanja wa ndege, ambaye aliijua kila njia ya kukwepa foleni ya Beltway, barabara kuu inayouzunguka mji, na hakumwamini mtu yeyote aliyekaa kiti cha nyuma. Kipa alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mkubwa kama kabati. Mimi nilikuwa beki wa kati. Siku za kazi nilikuwa nikitengeneza kompyuta za ofisi moja ya Virginia, na Jumapili nilikuwa kisiki.

Kisiki ndilo jina nililokuwa nikiitwa tangu Tanga. Kocha wangu wa sekondari alitufundisha kwamba beki ni mtu asiyeamini. Mshambuliaji akikuchekea, alisema, wewe angalia miguu yake. Mwenzako akikwambia mpira ni wake, kaa nyuma yake hata hivyo. Kwa hiyo popote nilipocheza, wenzangu wakiwa mstari mmoja, mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yao, nikisubiri makosa yao. Nilikuwa nimeyaona mengi, na sikuona sababu ya kubadilika.

Mjapani alikuja majani yalipoanza kuchipua. Tulimkuta kando ya uwanja, mtu wa makamo, mwembamba, amevaa koti jepesi la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Alikuwa na kiti cha kukunja na kamera ndogo ya video juu ya miguu mitatu. Hakusema kitu mpaka tulipopumzika. Ndipo alipokuja kwangu, si kwa nahodha, akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama tuna nafasi ya beki. Alisema alicheza beki timu ya kampuni huko kwao ujanani.

Nilimuuliza amejuaje kwamba tunacheza hapa. Akajibu kwamba anakaa jirani, karibu na Route 7, na husikia kelele zetu anapotembea.

Hilo lilikuwa jibu la kawaida kabisa, na labda ndiyo maana halikunipendeza. Nahodha alikuwa amesimama karibu. Akanigeukia akasema kwa Kiswahili, bila hata kupunguza sauti, "Huyu simuamini mimi. Mtu haji na kamera kutazama watu wasiojua kucheza. Ataka nini? Huyu ni mpelelezi."

Kipa naye akasema, "Ule monsieur anatuangaliaka sana."

Mjapani alikuwa akitutazama mmoja mmoja huku akitabasamu, kama mgeni anayesubiri watu wa nyumbani wamalize maneno yao. Tulihitaji mtu. Nikamwambia karibu.

Siku hiyohiyo, baada ya mechi, niliamua kumpima. Mtu anaweza kusema alicheza mpira, kusema ni bure. Nikamuuliza, kwa hiyo wewe Mjapani, niambie, ni kitu gani kinamfanya beki wa timu yenu ya taifa awe beki mkubwa? Maana mimi nawaona wafupi, wembamba, na washambuliaji wa Ulaya wanawazidi kichwa kizima.

Hakukasirika. Alichukua chupa za maji zilizokuwa juu ya boneti ya gari langu, akazipanga tatu chini kwenye lami. Akasema ni kweli, kimo hakiongezeki kwa mazoezi. Kwa hiyo beki wao hujifunza mapema kwamba hatashinda kwa mwili, na akishalikubali hilo ndipo anapoanza kuwa beki. Miaka minne nyuma, Kombe la Dunia lilipochezwa kwao, Japani ilivuka makundi kwa mara ya kwanza, na safu yao ya nyuma ilikuwa watu watatu waliosogea kama mlango mmoja. Akazisukuma zile chupa zote kwa pamoja kwa kiganja. Mlango hauna ubao unaobaki nyuma, alisema. Ubao ukibaki nyuma, hapo si mlango tena, ni tundu.

Nilimuuliza wanajuaje wakati wa kusogea. Akasema hawatazami mpira, wanatazama kichwa cha mwenye mpira. Akiinamisha kichwa kuangalia mguu wake, kwa muda ule haoni kitu kingine, na hapo safu hupanda, mshambuliaji anabaki ameotea. Kichwa kikiwa juu na hakuna anayemsumbua, safu inarudi. Halafu akaongeza kwamba beki mkubwa huzungumza mchezo mzima, kwa sababu beki asiyesema ni sawa na mlingoti, na goli tayari lina milingoti miwili.

"Na utamjuaje kwamba ni mkubwa?" niliuliza.

"Mshambuliaji aliyecheza dhidi yake anarudi nyumbani akiwalaumu wenzake," alisema. "Anasema leo sikupata pasi nzuri. Hamkumbuki beki kabisa."

Niliendesha gari kurudi nyumbani nikilifikiria jibu hilo. Lilikuwa jibu la mtu anayejua mpira. Lakini pia lilikuwa jibu la mtu ambaye sifa kubwa kwake ni kutokumbukwa na mtu. Nilimwambia mke wangu. Akaniuliza anafanya kazi gani. Nikasema alitaja ofisi fulani ya mjini, mambo ya maji na takwimu, na sikuelewa vizuri. Mimi nilikuwa na karatasi zangu za ukaazi, yeye za kwake alikuwa bado anazisubiri, na mwaka ule kila mtu asiyeeleweka kazi yake alikuwa na maana nyingine nyumbani kwetu.

Mjapani akaendelea kuja. Alicheza katikati, mimi kushoto kwake, na upande wa pili wangu beki mmoja wa Mwanza aliyekuwa akiosha vyombo kwenye hoteli na kulala sebuleni kwa binamu yake. Mwenye mpira akiinamisha kichwa tu, Mjapani alikuwa akipaza sauti kwa Kiingereza, "Juu!", na safu inapanda. Hakukosea hata mara moja. Washambuliaji walianza kugombana na mshika kibendera, kisha wakagombana wao kwa wao. Tulianza kutofungwa. Pale tulipofungwa, mara nyingi ilikuwa kwa sababu yangu, nimebaki nyuma kwa mazoea na kumfanya mshambuliaji asiotee. Mjapani aliniambia hilo waziwazi, bila ukali. Alisema, unatulinda sisi wakati tunakutaka ulinde pamoja nasi. Nikamwambia nitajaribu. Sikujaribu. Nilikuwa na sababu zangu za kutotaka kusogea kwa sauti ya mtu nisiyemjua.

Kamera ilikuwepo kila Jumapili. Alisema anarekodi ili tuone safu yetu. Hatukuwahi kuoneshwa kitu. Tukiwa tumekaa kwenye nyasi tunakula machungwa, maneno juu yake yalipita mbele yake kwa Kiswahili cha kila namna. Mmoja aliuliza mkanda unakwenda wapi. Mwingine akasema hata winga wetu alipigwa picha kwanza. Kipa alikuwa na matusi yake maalumu, nusu Kiswahili nusu Kifaransa, ambayo siwezi kuyaandika. Mjapani alikuwa akimenya chungwa lake taratibu, ganda lote likitoka kipande kimoja.

Mwezi wa tano mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Korogwe. Hakujua Kiingereza, na kukaa ndani kulimchosha, kwa hiyo Jumapili nilimchukua uwanjani. Alijifunika kanga mbili juu ya koti la mke wangu. Mjapani alipomwona amesimama, alimpa kiti chake cha kukunja. Tangu siku hiyo kiti kikawa cha mama. Mjapani alipokuwa nje ya uwanja alikuwa akisimama kando yake, karibu na kamera, na kwa mbali niliona mama akizungumza huku mikono ikienda. Sikushangaa. Mama mkwe wangu aliweza kuzungumza na friji.

Siku moja tukiwa njiani kurudi, foleni imesimama, alisema kutoka kiti cha nyuma, "Baba, yule Mchina wenu ana adabu kuliko nyie wote. Kila nikifika ni shikamoo mama. Wenzako wale wengine wananipita tu."

Nikamwambia kwamba ni Mjapani, na kwamba shikamoo hata watalii wanaijua.

"Hao watalii wanajua na kilimo cha alizeti?" alisema. "Ameniuliza kama na sisi kwetu tunalima alizeti. Nikamwambia kwetu ni mahindi na machungwa."

Mke wangu aligeuka akamtazama mama yake. Tukaanza kumuuliza polepole, tusimtishe. Ndiyo, walikuwa wakizungumza. Kiswahili, sasa kitu gani kingine? Alikuwa amedhani watu wote wa uwanjani pale wanakijua, maana ndicho alichokisikia kikisemwa. Walizungumza nini? Mambo ya kawaida. Alimweleza kuhusu watoto wake. Alimweleza kwamba binti yake anasubiri karatasi na hawezi kusafiri hata akifiwa. Alimweleza habari za yule wa Mwanza anayelala sebuleni kwa ndugu yake, maskini, na hana hata kitambulisho.

"Yeye aliuliza hayo, au wewe ulisema mwenyewe?" mke wangu aliuliza.

Mama akafikiri. "Alikuwa ananisikiliza vizuri," alisema.

Usiku ule hatukulala vizuri. Mke wangu alijaribu kusema labda mama anakuza mambo, labda mtu yule anaitikia tu kwa kichwa na mama anajijazia. Lakini alizeti mama asingeitunga. Nilipoyakumbuka maneno yote tuliyoyasema mbele yake tangu siku ya kwanza, nilihisi joto masikioni. Hata hivyo sikutaka kumwambia nahodha kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu. Nikiwasha moto ule, sikujua ungemuunguza nani.

Jumapili iliyofuata tulikuwa na mechi ya kirafiki na Wasalvador wa Woodbridge. Kipindi cha pili, mpira ukiwa umetoka, nilimwita yule wa Mwanza. Mjapani alikuwa hatua chache tu upande wangu wa kulia. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kwa Kiswahili, huku nikitazama mbele, "Safari hii tusipande. Akiita, tumwache aende peke yake."

Yule wa Mwanza alinitazama kama mtu asiyeelewa mzaha, lakini akaitikia kwa kichwa.

Mpira ukarushwa, ukafika kwa kiungo wao. Akautuliza. Mshambuliaji wao akaanza kukimbia nyuma yetu. Kiungo akainamisha kichwa chake chini, kabisa, kwa namna ambayo Mjapani alikuwa hajawahi kuiacha ipite.

Hakuita. Hakusogea. Alibaki mstari mmoja na mimi, miguu imekita chini, na mpira ulipopigwa ulikuwa mrefu mno ukamfikia kipa wetu mikononi. Wengine wote waliona mpira uliopotea tu. Mjapani aligeuza uso akanitazama. Hakutabasamu. Tukacheza mpaka mwisho.

Nilimsubiri kwenye maegesho wenzetu walipoondoka. Mama alikuwa ndani ya gari. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Wewe ndiye uliyeniambia beki asiyesema ni mlingoti. Mbona ulinyamaza?"

Alijibu kwa Kiswahili safi, cha kishule kidogo, chenye lafudhi ya bara. Alisema alifundisha hesabu na fizikia sekondari moja mkoani Singida, miaka mingi iliyopita, alipotumwa kama mwalimu wa kujitolea. Alifundisha pia mpira. Hao aliowasikia akipita njiani walikuwa sisi, na kilichomsimamisha si kelele, ni lugha.

"Nilikuja ili niseme shikamooni," alisema. "Lakini kabla sijasema, nahodha alisema mimi ni mpelelezi. Sasa ningejibu kwa Kiswahili, mngesema nini?"

Nilijua tungesema nini. Tungesema, si mnaona, hata lugha wamemfundisha.

"Nikaona nisubiri mnizoee. Kila Jumapili niliyosubiri, ikawa vigumu zaidi."

"Na kamera?"

"Nawarekodi mabeki. Napenda kutazama mabeki."

"Na mama mkwe wangu?"

"Mama alinisalimia kama mtu," alisema.

Maelezo yake yalishikana kila mahali, na kitu kinachoshikana kila mahali hakinipi usingizi. Nilimwambia mke wangu yote. Tuliyageuza upande huu na ule hatukupata tundu, na tukabaki na wasiwasi wetu uleule. Aliponialika kwake kutazama mechi ya kwanza ya Japani, dhidi ya Australia, mke wangu alisema nenda, ukaione nyumba.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi kwa saa za kwetu. Niliomba ruhusa kazini. Mama mkwe alikataa kubaki, akakaanga maandazi, tukaenda naye.

Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja na sebule, safi, yenye vitu vichache kiasi cha kutia mashaka. Nilikwenda msalani bila haja ili nipite mbele ya mlango wa chumba cha kulala. Kitanda, pasi ya nguo, njumu zilizopangwa juu ya gazeti. Sebuleni kulikuwa na picha moja ya ukutani: yeye, nywele nyeusi tii, katikati ya wanafunzi wenye kaptura za kaki, nyuma yao mawe makubwa ya Singida. Niliikaribia nikaitazama kwa muda. Ilikuwa picha ya kweli, ya zamani. Hata hivyo nilijikuta nikiangalia fremu, kama ni mpya.

Japani ilitangulia kwa bao moja. Mimi nilikuwa nikitazama mpira, yeye hakuutazama. Kila mpira ulipokwenda pembeni, macho yake yalibaki katikati, kwa mabeki. Huko Ujerumani kulikuwa na joto, na kipindi cha pili walianza kuchoka. Waaustralia waliingiza watu warefu na kupiga mipira ya juu.

"Wanarudi nyuma," alisema polepole.

Nikamwambia si vibaya, wanalinda bao lao.

"Hapana. Wanarudi mmoja mmoja. Tazama. Kila mtu anakwenda na hofu yake." Aliinuka, akakaa tena. "Beki mkubwa ni yule anayesema tupande wakati mwili wote unataka kurudi. Na wengine wanamfuata bila kumuuliza sababu. Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote. Si kuruka, si mbio."

Dakika za mwisho wakafungwa. Kisha wakafungwa tena, kisha la tatu, mfululizo, kama ukuta wa udongo uliolowa. Mama mkwe, ambaye hakuwa na upande, alimwekea andazi kwenye sahani akasema, "Pole, mwanangu." Mjapani akaitikia ahsante mama, akalishika bila kulila.

Tulipokuwa tunaondoka alinifuata mpaka kwenye ngazi. Alisema Jumapili atawaambia wote mwenyewe.

Na aliwaambia. Tulikuwa tumekaa kwenye nyasi kabla ya mechi, akasimama, akasema kwa Kiswahili kwamba anaomba radhi, kwamba alikuwa akituelewa siku zote. Nilisikia magari ya Route 50. Kipa alikuwa wa kwanza kuzungumza, akauliza kwa sauti ndogo ambayo haikufanana naye, "Hata ile yenye nilisema juu ya mama yako?"

"Hata ile."

Kipa akajifunika uso kwa glavu zake.

Nahodha hakucheka. Aliitaka mikanda yote. Mjapani akafungua mfuko wa kamera akampa, kana kwamba alikuwa amejua itaombwa. Jioni moja tulikusanyika kwa nahodha, Woodbridge, tukaitazama. Tulipeleka mbele, tukarudisha. Mabeki tu. Mechi nzima ya mabeki. Siku tuliyofunga bao zuri kuliko yote ya msimu, kamera ilikuwa imekazia watu wanne nyuma, mmoja akivuta soksi, mimi nikiwa hatua mbili nyuma ya wenzangu, tukisikika wote tukishangilia kitu kisichoonekana. Nahodha alizima televisheni. Alisema kama kuna serikali inayolipa mtu atazame haya, basi imekwisha.

Lakini wawili hawakuwa wamekuja kutazama. Yule wa Mwanza na kiungo wetu mmoja Mkenya walikuwa wameacha kupokea simu tangu Jumapili ile. Wote wawili hawakuwa na karatasi. Nilikwenda kwa binamu yake yule wa Mwanza. Yeye mwenyewe alizungumza nami mlangoni, mnyororo haujatolewa. Nilimweleza kuhusu mikanda. Akasema, "Kaka, wewe una karatasi. Wewe unaweza kukosea. Mimi nikikosea mara moja imekwisha." Ndivyo ilivyokuwa.

Mjapani aliniuliza baada ya mechi iliyofuata, tuliyocheza pungufu, kama wale wawili hawaji kwa sababu yake. Nikasema ndiyo. Aliinamisha kichwa, akakunja kiti chake. Jumapili iliyofuata hakuonekana, wala iliyofuata. Nahodha alimpigia simu, jambo ambalo sikulitegemea, akamwambia arudi, tutazungumza na wale. Mjapani alimshukuru, akasema bila yeye namba ya timu itatimia. Kabla mwezi haujaisha, yule wa Mwanza alikuwa amerudi uwanjani, na kiungo naye akamfuata. Hakuna aliyewauliza kitu.

Katikati ya kiangazi winga wetu alimpigia nahodha kutoka Nairobi. Alisema alisimamishwa na polisi wa barabarani kwa sababu taa ya nyuma ya gari lake ilikuwa imekufa, na mambo mengine yakafuatia hapo. Hakuna aliyemchoma. Nahodha alitueleza haya tukiwa tunavaa njumu. Baadhi walipumua. Mmoja akasema, labda ndivyo alivyoambiwa yeye. Tukaingia uwanjani.

Mama mkwe alirudi Korogwe, na mke wangu hatimaye akapata karatasi zake, akamfuata kumsalimia mwaka uliofuata. Kati ya hayo, msimu wa majani kuanguka, tulikwenda Wheaton kucheza na timu ya Wasalvador na Wahonduras. Uwanja ulikuwa umelowa. Tulipokuwa tunapasha misuli nilimwona katikati ya safu yao ya nyuma, amevaa jezi yao ya njano, mikono mirefu, akiwapanga wenzake kwa viganja.

Alinyoosha mkono. Nikavuka mstari nikamwendea. Tukasalimiana kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya watu wote. Aliuliza hali ya mama, akauliza kama mvua zimenyesha Korogwe. Nikamwambia zimenyesha. Nahodha wetu naye akaja, akampa mkono wa Kimombasa, wa kuupeleka kifuani baadaye. Mechi ile tulipiga kelele nyingi mbele hatukupata kitu. Washambuliaji wetu walirudi nyumbani wakilaumiana juu ya pasi.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kabla ya mechi kuanza, tulipokuwa bado tumesimama tunasalimiana. Nyuma yake kulikuwa na mabeki wawili wa timu yake mpya. Walikuwa wameacha kupasha misuli. Walimtazama yeye, wakatutazama sisi, wakatazamana. Mmoja akasema kitu kwa Kihispania, kifupi, bila kupunguza sauti, na mwenzake akaitikia kwa kichwa.

Nikamwangalia Mjapani usoni. Alikuwa anatabasamu vilevile, akisubiri, na sikuweza kujua kama Kihispania nacho anakisikia.